Fizikia na Jiografia zimegongana kwenye ratiba, binti yangu aache ipi?

Mpendwa mshauri,

Salamu nyingi kutoka Kaptembwo, Nakuru. Mimi ni mama wa watoto watatu, kazi yangu ni ushonaji, na barua za wenzangu huwa nazisoma usiku nikishafunga kibanda. Leo nina langu, na nina haraka nalo kwa sababu shule imetupa hadi Ijumaa ijayo tuseme tumeamua nini.

Binti yangu wa pili ana miaka kumi na mitano na yuko Gredi ya 10, kundi la kwanza kabisa la mtaala huu mpya kufika sekondari pevu. Mwaka jana alifanya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, akapata EE, yaani kuzidi matarajio, katika Sayansi Jumuishi, Hisabati na Masomo ya Jamii. Alichagua mkondo wa STEM, ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na masomo yake matatu ya kuchagua ni Fizikia, Kemia na Jiografia. Kuna watu wameniambia Jiografia haina kazi huko STEM. Si kweli. Mwongozo unamtaka mwanafunzi achukue angalau masomo mawili ya mkondo wake, la tatu anaweza kulitoa mkondo mwingine, na ndivyo tulivyojaza kwenye mtandao akiwa Gredi ya 9. Mchanganyiko huo ulikubaliwa, akaitwa shule ya kutwa iliyo karibu nasi, na barua ya kujiunga iliandikwa masomo hayohayo matatu.

Ratiba ilipotoka, Fizikia na Jiografia ziko kwa wakati uleule. Wala si siku moja tu, ni vipindi vyote sita vya wiki.

Nieleze ilivyo, maana hata mimi nilichukua muda kuelewa. Shule imegawa masomo ya kuchagua katika mafungu matatu, wao wanayaita bloku. Saa ya bloku ikifika, wanafunzi wa Gredi ya 10 wanatawanyika, kila mmoja anaenda kwenye darasa la somo lake. Bloku ya kwanza ina Fizikia, Jiografia na Fasihi. Ya pili ina Kemia, Historia na Biashara. Ya tatu ina Biolojia, Kilimo, Kompyuta na Dini. Mtoto anachukua somo moja katika kila bloku, basi. Aliyeipanga aliona kwamba wa sayansi atataka Fizikia, Kemia na Biolojia, na wa sayansi za jamii atataka Jiografia, Historia na Dini. Kwa wengi imekaa vizuri. Binti yangu na wenzake wawili ndio walionaswa.

Naibu mwalimu mkuu alitupokea kwa heshima na akatusikiliza hadi mwisho, siwezi kumsema vibaya. Alitueleza kwamba mwalimu wa Jiografia ni mmoja shule nzima. Huyohuyo ana Gredi ya 10, ana kidato cha tatu, ana kidato cha nne. Wa kidato cha nne wanakalia KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka huu, na wa kidato cha tatu ndio watakaoufunga mfumo wa zamani wa 8-4-4 mwaka wa 2027, kwa hiyo vipindi vyao haviguswi. Wiki ina vipindi 40. Ukitoa vya lazima na vya bloku, nafasi ya mwalimu huyo kuwafundisha watoto watatu peke yao haipo. Maabara nayo ni moja, na Fizikia na Kemia zinapishana humo na madarasa ya vidato.

Akatupa njia mbili. Aache Jiografia, asome Fizikia, Kemia na Biolojia. Au aache Fizikia, asome Jiografia, Kemia na Biolojia. Zote bado ni STEM, na Hisabati inabaki ile ile nzito ya wanasayansi. Akasema wengi wakipewa Biolojia hufurahi baadaye kwa sababu inafungua udaktari na uuguzi.

Wangu hataki udaktari. Anataka kufanya kazi ya mvuke wa ardhini, ule unaozalisha umeme. Najua ukisikia mtoto wa miaka kumi na mitano anajua anachotaka unaweza kudhani ni ndoto ya kupita, ila huyu nimemwangalia. Dirishani kwetu kuna mkebe wa mawe aliyookota kwenye volkeno ya Menengai walipopelekwa na shule ya msingi, yale meusi yanayong'aa, na haruhusu mtu ayatupe. Rafiki yake mmoja alihama Mwariki na familia yake maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda hadi uani kwao, na tangu hapo swali lake halikuisha: ziwa halina mto unaotoka, kwa hiyo maji yanaongezeka kwa nini, na ikiwa chumvi inapungua ndiyo maana heroe walihamia Ziwa Bogoria? Alipofika Gredi ya 9 akaanza kuniambia habari za Olkaria, kwamba umeme wa mvuke umetoka huko Naivasha, ndani ya kaunti yetu hii, tangu mwaka wa 1981, na kwamba Menengai visima vilianza kuchimbwa mwaka wa 2011. Alitafuta mwenyewe akakuta Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri kina taasisi ya mafunzo ya mvuke. Aliniambia kisima cha mvuke kinataka mtu wa kusoma miamba, mtu wa kupima joto na shinikizo, na mtu wa kupima kemikali zilizo ndani ya maji. Ndiyo maana akachagua yale matatu. Mshauri, mimi niliishia darasa la nane, lakini hoja hiyo niliielewa.

Nyumbani tumegawanyika. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa, akipiga simu kutoka Malaba tunazungumza hilo tu. Yeye anasema mshika mawili moja humponyoka, aachane na Jiografia mara moja. Anasema uhandisi unataka Hisabati, Fizikia na Kemia, na mambo ya miamba atayakuta mbele. Ana hoja, na mimi nakubali kwamba ramani mtoto anaweza kujisomea akiwa na kitabu, lakini maabara ya Fizikia huwezi kumjengea jikoni. Tatizo ni kwamba Jiografia ndiyo inayomtoa kitandani asubuhi. Tangu ratiba itoke anakwenda shule, anarudi, anafanya kazi zake, lakini yale maneno mengi ya jioni yamekatika.

Kaka yangu mkubwa, mjomba wake, ana maoni mengine. Yeye alisoma kidato cha tano na cha sita miaka ya mwisho mwisho kabla ya mfumo huo kufungwa mwaka wa 1989. Anasema enzi hizo ulikuwa na masomo matatu makuu na ile karatasi ya maarifa ya jumla, na shule isipokuwa na mchanganyiko wako unafunga sanduku unakwenda iliyo nao. Yeye alitoka huku Bonde la Ufa akaenda Magharibi kwa sababu ya Hisabati, Uchumi na Jiografia. Ushauri wake ni tuombe uhamisho wa kwenda shule ya bweni yenye walimu wa kutosha.

Sasa hapo ndipo mfuko unaposema. Shule ya kutwa serikali inatoa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, mimi natafuta chakula cha mchana, sare na vitu vidogo vidogo. Bweni ni zaidi ya shilingi 40,000 kwa mwaka, bila godoro, sanduku na nauli. Kaka yake yuko kidato cha tatu bwenini tayari, na karo yake tunailipa kwa kusukumana na basari ya CDF, ule mfuko wa eneo bunge. Kuanzia Januari katikati hadi Februari kazi ya sare huwa nyingi, nashona hadi saa sita usiku, lakini Machi ikifika inapungua na inabaki ya kutia viraka na kubadilisha zipu. Siwezi kuahidi karo ya watoto wawili wa bweni nikalala usingizi. Nikiacha pesa, kuna kadogo ka Gredi ya 4 ambako dada yake ndiye anayekapokea jioni nikiwa kibandani.

Mzazi mwingine kati ya wale watatu alipendekeza tumlipe mwalimu wa Jiografia awafundishe watoto wetu baada ya masomo, au likizo. La likizo nililikataa palepale, sheria ya elimu ya mwaka wa 2013 imelikataza. La jioni naona lina ugumu wake pia. Mwalimu mwenyewe amechoka. Mtaala huu una miradi na tathmini za shuleni ambazo mwalimu anazifuatilia muda wote, kwa hiyo sijui kipindi cha kichochoroni kitahesabiwa vipi. Tena mwaka wa kwanza tutalipa watatu, mwaka wa pili mmoja akishindwa je?

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo linalonikosesha raha kuliko yote. Jumamosi iliyopita binti yangu alichukua karatasi ya kaki ninayochorea patani, akaitandaza juu ya meza ya kukatia, akachora ratiba nzima ya Gredi ya 10 kwa rula yangu. Fizikia akaipaka rangi ya samawati, Jiografia kijani, Dini njano, na kadhalika. Akakaa nayo hadi jioni. Kisha akaniita, akanionyesha: ukihamisha Jiografia kwenda bloku ya tatu, na Dini ukaileta bloku ya kwanza, yeye na wenzake wawili wanapata Fizikia, Kemia na Jiografia. Na wale wa Jiografia, Historia na Dini hawapotezi kitu, kwa sababu bado kila somo liko bloku yake.

Nilimkumbatia. Ila yeye mwenyewe hakuwa amemaliza. Akanionyesha pembeni alipoandika kwa penseli. Kuna wanafunzi waliochukua Jiografia, Biashara na Kilimo. Kuna wengine wa Jiografia, Kemia na Biolojia. Jiografia ikihamia bloku ya tatu, hao ndio watakaogongana. Aliwauliza darasani na kuwahesabu: wako saba. Na bado kuna mwalimu, ambaye baadhi ya saa za bloku ya tatu ana kidato cha nne. Akaniuliza, “Mama, niipeleke kwa naibu au nisiipeleke?”

Sikuwa na jibu. Akiipeleka na ikakubaliwa, watoto saba wataambiwa wachague upya, na mmoja wao anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mama yake ni mteja wangu. Sitaki wangu apate kwa kumnyima wa mwenzangu. Lakini pia naona kwamba akinyamaza, ile kazi aliyoifanya, ambayo naamini mtu mzima hakuikaa kuifanya, haitaonwa na yeyote. Huenda mwalimu wa ratiba akiitazama ataona mlango ambao mtoto hakuuona. Kidato cha nne wakimaliza KCSE Novemba, mwalimu wa Jiografia atapata nafasi, lakini Gredi ya 10 nayo itakuwa imeisha, na somo la mwaka mzima halirudishwi kwa mwezi mmoja.

Kwa hiyo naomba unishauri, wewe na wasomaji wenye uzoefu, hasa walimu waliowahi kupanga ratiba na wazazi wenye watoto Gredi ya 10.

Je, ni sawa tupeleke karatasi ile shuleni tukisema wazi kwamba inawagusa wengine saba, au tuwaone kwanza wazazi wao? Kati ya Fizikia na Jiografia, kwa mtoto anayetaka kazi ya mvuke, ipi ikikosekana sasa ndiyo inayofunga mlango kabisa? Kuna yeyote aliyesomea miamba au uhandisi wa mvuke bila Jiografia ya sekondari, na alipofika chuoni ilikuwaje? Na bodi ya shule ikiombwa iajiri mwalimu wa Jiografia wa muda hadi Novemba, hilo ni ombi ambalo wazazi watatu wanaweza kulipeleka, au ni lazima lipitie mkutano wa wazazi wote?

Mume wangu anarudi kutoka safari Jumatano usiku, na ningependa tukae sote watatu mezani na majibu yenu kabla sijakwenda shuleni kutia sahihi fomu ya uamuzi wetu.

Mama wa Gredi ya 10,
Kaptembwo, Nakuru