Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Misitu: begonia haikuonekana kwa sababu ilikuwa imelala

YAH: UPANUZI WA NJIA YA KWENDA MAPOROMOKONI

Ndugu Mkurugenzi,

Nimesoma ripoti ya wakaguzi wako kuhusu njia mpya ya wageni. Mimea ya ukingo wa kijito imepewa sentensi moja tu: hakuna mmea wa pekee ulioonekana. Siwalaumu. Walipita katikati ya kiangazi. Hata mimi ninayeujua mwamba unapoota mmea ninaoutetea, ningekuwa nao siku ile ningerudi mikono mitupu.

Mmea ninaouzungumzia ni begonia ya kiazi. Mvua zikikatika, majani hugeuka manjano, shina likaachia penye kifundo na kudondoka, kisha juu ya ardhi hakubaki kitu. Kinachobaki ni kiazi chenye ukubwa wa njugu, kimejibana kwenye ufa wa mwamba chini ya udongo usiozidi unene wa kidole. Humo ndimo kinamosubiri mvua nyingine. Mkaguzi akikikanyaga hatajua. Jembe likikikwangua, mwenye jembe hatajua pia.

Niliikuta mvua zikiwa zimekolea, nimepiga magoti natafuta kifuniko cha kamera kilichoniponyoka. (Kifuniko sijakipata hadi leo.) Jani lake limekaa upandeupande kama majani ya begonia karibu zote, bega moja pana kuliko jingine. Begonia ninazozijua katika msitu ule zina majani yasiyo na nywele. Hii, nilipoligeuza jani, mishipa ilikuwa na nywele nyekundu fupi zilizolala kuelekea ncha. Kilichonifanya nikae chini kabisa ni ua jike. Nyuma ya petali kuna ovari (kifuko kinachokuwa tunda) yenye mabawa matatu, jambo la kawaida kwa jenasi hii, yaani kundi zima la begonia. Lakini hapa bawa moja limerefuka kama ulimi, na mawili yaliyobaki ni ukingo tu, mwembamba kama ukucha. Nimeilinganisha na sampuli za hebaria (hazina ya mimea iliyokaushwa), kabati kwa kabati, na maandiko niliyoweza kuyafikia. Haijapata jina.

Na haiwezi kulipata kwa nilichonacho sasa. Nina maua, sina matunda yaliyokomaa wala mbegu. Begonia nayo ni mmea msumbufu kukausha: imejaa maji, ukiibana kwenye magazeti hudondosha viungo kimoja kimoja, na ua jeupe hutoka limekuwa rangi ya chai. Ndiyo maana sehemu ya maua tuliyahifadhi kwenye spiriti, na kila kitu tulikipima kikiwa kibichi, palepale. Mimea yote tuliyoihesabu haikufika hamsini, kwa hiyo sikuthubutu kung'oa zaidi ya miwili. Matunda yataiva mvua zinapoelekea kwisha. Ratiba yako ya ujenzi inaanza kabla ya mvua hizo kunyesha.

Huenda ofisini kwako jina la Kilatini linaonekana ni pambo la wasomi. Hapana. Mmea usio na jina lililochapishwa kwa kawaida hauna pa kuandikwa katika orodha ya viumbe walio hatarini, wala mwanasheria hana cha kuutaja. Ili jina likubalike, kanuni za kimataifa zinataka sampuli moja iteuliwe kuwa ya rejea na hebaria inayoitunza itajwe, na maelezo yawe kwa Kilatini au, tangu mwaka 2012, kwa Kiingereza. Kiswahili bado hakimo. Hilo nalo lina barua yake, siku nyingine. Tathmini ya hatari ikifuata, eneo ambalo mmea unakalia hupimwa kwa miraba ya kilomita 2 kwa 2. Kwa tunavyojua leo, begonia hii inaishi ndani ya mraba mmoja, na njia yako inaukata katikati.

Msaidizi wako alinishauri kwa nia njema: vichimbwe viazi vyote, vipelekwe bustanini. Ni kweli begonia za viazi huishi bustanini. Zile zenye maua makubwa kama sahani zinazopamba vyungu duniani kote zimetokana na spishi chache za milima ya Andes, zikiwemo Begonia boliviensis na Begonia pearcei, ambazo mkusanyaji mimea Richard Pearce alizipeleka Uingereza katika miaka ya 1860. Ila tazama kinachotokea pale mwambani. Maua dume na maua jike hukaa kwenye mmea mmoja, lakini kwa kawaida dume hutangulia, kwa hiyo jike linapofunguka huhitaji chavua ya jirani. Jike lenyewe halina chavua wala nekta (maji matamu ya ua) ya kumpa mdudu. Linategemea kumhadaa: stigma zake za manjano, ncha zinazopokea chavua, zimejisokota zikafanana na stameni, viungo vya dume vinavyoitoa, na mdudu anayetafuta chavua hutua akidhani amefika kwa dume. Mbegu zikipatikana ni laini kama vumbi, na hazina akiba ya chakula ya kuzivusha mahali pakavu. Zinataka mwamba ulioloa, kivuli na maji yanayotiririka polepole. Ukihamisha viazi umehamisha mimea isiyofika hamsini. Wadudu, kivuli na mwamba umeviacha nyuma.

Kuna spishi iliyokwishakutwa na haya. Begonia eiromischa ilijulikana katika kisiwa cha Penang, Malaysia, tu. Msitu wake ulifyekwa ukawa mashamba, na leo imeorodheshwa kuwa imetoweka. Imebaki karatasi za hebaria. Yenyewe angalau ilikuwa na jina.

Nimepita ukingo wa pili wa kijito mara tatu. Ni mteremko wa udongo mwekundu, hauna mwamba unaovuja maji, na begonia hii sikuiona huko hata mvua ilipokuwa imepamba moto. Njia ikivuka kijito chini ya bwawa dogo na kupanda upande ule, wageni watafika maporomokoni vilevile, labda wakiwa wamechoka kidogo zaidi. Naomba mambo mawili: njia ihamishiwe huko, na ukaguzi wa mimea urudiwe wakati wa mvua kabla ya jembe la kwanza. Na tafadhali, jina likitoka, msiweke kibao cha kuonyesha mahali penyewe. Begonia adimu zina wanunuzi, na kiazi cha ukubwa wa njugu kinaingia mfukoni bila kuonekana.

Kama mfano wa ofisa unasaidia, ninao mmoja. Jenasi hii yenye spishi zaidi ya 2,000 imebeba jina la mtumishi wa serikali: Michel Bégon, aliyekuwa ofisa wa Ufaransa katika visiwa vya Karibiani. Mtaalamu wa mimea Charles Plumier, aliyefaidi msaada wake, ndiye aliyelibuni jina hilo kwa heshima yake. Sikupi ahadi yoyote, Ndugu Mkurugenzi. Jina la spishi hii nimeshalichagua, nalo linahusu lile bawa.

Wakaguzi wako wakiwa tayari kurudi, waje mvua zikishakolea, majani yakiwa yamefunguka. Nitawangoja kwenye daraja la magogo asubuhi mapema na lenzi mbili za mkono. Wavae viatu wasivyojali vikiloa.

Wako,
Mtafiti wa mimea