Mtoto wa jicho harudi, wagonjwa waambiwe mapema

Mhariri,

Mama yangu aliishi miezi minane akiamini kwamba mtoto wa jicho amemrudia. Alikuwa amefanyiwa upasuaji miaka miwili kabla ya hapo, akaona vizuri ajabu, kisha polepole ukungu ukaanza kutanda upya. Usiku taa za magari zilimtia kiwi. Maandishi kwenye chupa za dawa yalimshinda, akawa ananipa nimsomee, na najua hilo lilimuuma. Sindano na uzi akaviweka kando. Hakumwambia mtu, maana aliogopa kupasuliwa tena.

Mtoto wa jicho akishatolewa harudi. Lenzi iliyopata ukungu imekwisha ondolewa, na mahali pake pamewekwa lenzi ya bandia. Ila daktari hukiacha kile kifuko chembamba kilichoizunguka lenzi ya asili, kwa kuwa ndicho kinachoishikilia hiyo mpya. Chembe chache zinazosalia humo huweza kuzaana na kutambaa kwenye ukuta wa nyuma wa kifuko, miezi au miaka baadaye, mpaka ukuta huo ukapata ukungu. Mgonjwa hana kosa lolote, na mara nyingi hata daktari hana.

Tiba yake ni leza, ambayo imetumika kwa kazi hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mama alitiwa matone ya kupanua mboni na mengine ya ganzi, akakaa kitini, akaegemeza kidevu kwenye mashine. Aliona mwanga ukimetameta na kusikia mlio mdogo. Dakika chache tu, kwisha! Hakukatwa wala kushonwa. Leza hutoboa tundu katikati ya ule ukuta ili mwanga upite. Siku hiyo aliona maluweluwe kwa sababu ya matone, ikabidi ashikwe mkono hadi nyumbani. Kesho yake asubuhi nilimkuta ameinamia chupa ya dawa, anaisoma mwenyewe.

Si kwamba haina hatari. Presha ya jicho huweza kupanda, na vitone vyeusi huweza kuelea machoni kwa wiki kadhaa. Vikizidi ghafla, au mgonjwa akiona mimweko, au kivuli kikimshukia kama pazia, aende hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inabanduka. Wala si kila ukungu baada ya upasuaji ni huu. Glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, na maradhi ya retina nayo hufifisha macho, ndiyo maana daktari lazima apime kwanza.

Kinachonisikitisha ni ile siku ya kuruhusiwa baada ya upasuaji. Tulipewa matone, tukapewa tarehe ya kurudi, tukaelezwa asiinue mizigo mizito na asifikiche jicho. Kuhusu ukungu huu hatukusikia neno. Sentensi moja ingemwokolea mama miezi minane ya kupapasa ngazi kwa mguu na kukaa kimya.

Ombi langu kwa madaktari na wauguzi wa macho: iandikeni sentensi hiyo kwenye karatasi anayopewa kila mgonjwa, kisha mwambieni kwa mdomo yeye na aliyemsindikiza, kwa kuwa siku ile jicho lake limefunikwa na hawezi kusoma.

Msomaji wenu