Kwa mliochaguliwa kwenye bodi za AMCOS zetu za korosho, vyama vya ushirika vya wakulima

Wanangu wa Newala, Tandahimba na Masasi,

Salamu nyingi, na hongereni kwa kuaminiwa. Niliwahi kuwa karani wa ghala, kisha mjumbe wa bodi. Sasa kazi yangu ni kupalilia mikorosho michache iliyo karibu na nyumba. Ninawaandikia mapema, maana minada ikianza Oktoba hamtapata nafasi ya kumsikiliza mzee.

Kuna msimu mmoja sijausahau. Kilo tulizopokea kijijini na kilo zilizopimwa ghala kuu hazikulingana. Korosho hunyauka, hilo tunalijua, lakini pengo lile halikuwa la kunyauka. Badala ya kutafuta zilikopotelea, bodi yetu ikakubaliana kila mkulima akatwe shilingi chache kwa kilo, na makato yale tukayaandika kuwa ni gharama za uendeshaji. Nami nilitia saini.

Akaja mama mmoja mjane na risiti yake, akaniomba nimweleze mstari ule wa makato. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya ofisi. Aliikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaondoka bila neno. Msimu uliofuata hakuleta hata gunia moja. Aliuza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya chama, bakuli kwa bakuli, kwa bei ya kuumiza, ila fedha aliishika palepale.

Kila mwaka nasikia viongozi wakiwalaumu wakulima kwa kangomba. Wanangu, kangomba nyingine huanzia kwenye meza ya bodi.

Wazee wenzangu wanaikumbuka historia hii. Mwaka 1976 Serikali ilivifuta vyama vya ushirika, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Nchi iliyovuna tani zipatazo 145,000 za korosho msimu wa 1973/74 haikufikisha hata 20,000 msimu wa 1986/87. Ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, ulichangia, Operesheni Vijiji iliwaweka watu mbali na mashamba yao, na bei ilikuwa duni. Lakini nilikuwepo, nami nilimwona mkulima asiye na wa kumuuliza akiliacha shamba lake limezwe na pori. Stakabadhi ghalani, yaani mkulima kuweka mzigo ghalani kwa risiti hadi uuzwe mnadani, ilipoanza kwenye korosho, msimu wa 2007/08, tulipata nafasi ya kumrudishia sauti. Nafasi hiyo sasa iko mikononi mwenu.

Sheria ya ushirika ya 2013 imeupa mkutano mkuu kauli ya mwisho. Basi msiwasomee wanachama jumla tu. Wasomeeni makato mstari kwa mstari, na bibi aliye nyuma akiwa hajaelewa Kiswahili cha mahesabu, mwelezeni kwa Kimakonde mpaka aelewe. Kwenye mizani, mwacheni mkulima asome mwenyewe kabla karani hajaandika. Kilo zikipungua, semeni siku hiyohiyo, mkitaja na gari lililobeba mzigo.

Mwenye shemeji anayeomba kazi ya kusafirisha magunia aseme mapema, kisha atoke nje wenzake waamue. Najua ni vigumu, kijiji chetu ni kidogo na sote ni ndugu. Toka hivyohivyo.

Wale vijana wanaobeba magunia ghalani wasisahaulike. Nimeona bodi ikijilipa posho ya kikao asubuhi, na jioni mbebaji, mgongo umemchubuka, anaambiwa arudi Jumatatu. Mlipeni kabla jua halijazama. Akiumia, mpelekeni zahanati kwa fedha ya chama, wala msimfanye aombe kama anayeomba sadaka.

Yule mama alifariki kabla sijaenda kumweleza mstari ule, na hilo linanilaza macho mpaka leo. Kwa hiyo nina ombi moja kwenu. Siku mtakayosoma makato ya mnada wa kwanza, nitumieni mtoto aje kuniita. Nitakuja na mkongojo wangu, nikae na wakulima, nisikilize.

Mzee wenu,
Newala