Mwanangu, usiache dawa ya presha

Mwanangu,

Dada yako ameniambia umeacha kumeza amlodipini. Eti presha imeshuka hadi 126 kwa 80, tena miguu inavimba. Hayo ni mambo mawili tofauti, naomba unisikilize.

Hiyo 126 imeletwa na dawa. Kuta za ateri zina misuli, na misuli hiyo hukaza kalsiamu inapoingia ndani ya seli zake. Ikikaza, njia ya damu inabana na presha inapanda. Amlodipini huziba vijia ambavyo kalsiamu hupitia, basi misuli inalegea na mishipa inatanuka. Lakini hulegea kwa muda ule tu dawa imo mwilini. Nayo hutoka polepole, nusu yake huchukua saa 30 hadi 50 kuondoka. Ndiyo maana kidonge kimoja kwa siku kinatosha, na ndiyo maana ukikiacha husikii lolote. Unadhani umepona, kumbe presha inarudi kimyakimya huku wewe unapanda matatu kwenda kazini kama kawaida.

Na chai ya maziwa unywe. Aliyekwambia maziwa yanapigana na dawa hii amekupotosha. Dawa haigusi kalsiamu ya mifupa yako.

Sasa miguu. Jumapili ulipovua soksi niliona alama ya mpira imezama, nikabonyeza kifundo kwa kidole pakabaki kishimo. Dawa hii inajulikana kwa hilo, hasa ukimeza miligramu 10 kama wewe: vimishipa vikitanuka, maji huvujia kwenye nyama. Mara nyingi si figo wala moyo, ila wa kuthibitisha ni daktari. Anaweza kukupunguzia hadi miligramu 5, au akuongezee dawa ya kundi lingine, kama losartani, ambayo husaidia kupunguza uvimbe.

Sitaki uipoteze dawa hii kwa sababu inatufaa sana sisi Waafrika. Utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, ulilinganisha dawa zikitolewa mbilimbili. Jozi zenye amlodipini ndizo zilizoshusha presha zaidi.

Kesho asubuhi mpigie daktari umwambie siku uliyoacha. Ukienda kliniki beba pakiti na kile kijitabu cha vipimo. Ukibanwa kifua au ukikosa pumzi, usingoje miadi, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, kisha unipigie.

Mama yako