Wosia ukishasainiwa kazi ndio inaanza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila gazeti likigusia mirathi ushauri unaishia palepale, andikeni wosia, andikeni wosia, utadhani ukishasaini tu mambo yameisha. Mimi naona kuandika ndio sehemu rahisi, ishu ni kuufuatilia baada ya hapo na hapo ndipo wengi tunalala.

Chukua ile fomu unayopewa siku ya kwanza kazini, ya bima na mafao, inauliza ukifa pesa apewe nani. Unaijaza harakaharaka, una miaka ishirini na kitu, hujaoa, unaandika mama au mdogo wako basi. Miaka inapita, una mke na watoto, mama katangulia mbele ya haki, fomu iko vilevile kwenye faili la watu wa utumishi na hakuna anayekumbuka. Na watu wengi hawajui kwamba sehemu nyingi duniani pesa za namna hiyo hazipiti kwenye wosia kabisa, zinamfuata aliyeandikwa kwenye fomu hata wosia useme vingine. Marekani kuna mfanyakazi wa Boeing aliachana na mkewe 1994, kama miezi miwili baadaye akafa kwa ajali ya gari, jina la mtalaka bado liko kwenye bima na pensheni. Watoto wa marehemu wa ndoa ya kabla ya hiyo wakaenda mahakamani wakabishana wee mpaka Mahakama ya Juu, 2001 ikaamuliwa kinachofuatwa ni makaratasi ya hiyo bima na pensheni yenyewe, kwa hiyo mtalaka ndio akachukua. Yule mama wala hakuiba kitu, ni jina tu halikubadilishwa.

Kwa hiyo kila kukitokea ndoa, talaka, mtoto, msiba au umehamia nchi nyingine, toa makaratasi yote uyasome upya, sio wosia peke yake. England na Wales kwa mfano ukifunga ndoa wosia wako wa zamani kwa kawaida unabatilika wenyewe, labda kama uliuandika ukiitaja ndoa hiyo inayokuja. Wangapi wanalijua hilo siku ya harusi?

Halafu jamani tuache kuchezea orijino. Mtu kagombana na mdogo wake, anachukua peni anakata jina, anaandika la mwingine pembeni na anaona kamaliza. Bila mashahidi hiyo mistari sehemu nyingi haina nguvu, na shahidi mwenyewe asiwe mtu anayerithi. Bora uandike wosia mpya wenye tarehe, useme wazi ule wa zamani umefutwa. Aretha Franklin, yule mwimbaji wa Marekani, alifariki 2018 watu wakajua hana wosia, mwaka uliofuata yakaibuka makaratasi ya mwandiko wake, ya 2010 yamefungiwa kabatini na ya 2014 yako kwenye daftari chini ya mito ya kochi. Watoto wakavutana mpaka 2023 ndio mahakamani Michigan wakasema ya kwenye kochi ndio yanafuatwa. Hela zote zile, na kumbe shida ni karatasi ipi.

Msimamizi wa mirathi, yule atakayetekeleza wosia wako, naye muulizeni kwanza kabla ya kumwandika, na awepo wa akiba, maana anaweza kukutangulia. Ajue orijino iko wapi na nani unamdai na nani anakudai, kwa sababu madeni yanalipwa kwanza ndipo warithi wanagawana (sisi Waislamu mafungu yameshapangwa na wosia kwa asiye mrithi hauzidi theluthi ya mali, ila deni linatangulia vilevile, na hilo tunapenda kulisahau). Paswedi za simu na akaunti ziandike karatasi ya pembeni, usiziweke ndani ya wosia, nchi nyingi wosia ukishathibitishwa mahakamani yeyote anaweza kuomba kuusoma.

Ombi langu mhariri, siku mkirudi kwenye mada hii wahojini hao wa utumishi na wa mifuko ya pensheni, waseme kwa nini hawatukumbushi angalau mara moja kwa mwaka kuangalia jina lililoko kwenye zile fomu, wakati kukatwa michango hawasahau hata mwezi mmoja.

Msomaji wenu