Laptopu Yako Imelemewa, Haijafa

Wateja wengi wanaofika dukani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, huweka laptopu mezani na kusema, "Fundi, imekuwa nzito." Baadhi yao wamekwisha kupigiwa Windows mara kadhaa, na kila mara uzito umerudi baada ya wiki chache. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10, shida imeongezeka, kwa kuwa Windows 11 inadai RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 4 kwa uchache, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya miaka ya karibuni, na mashine nyingi za mtumba hazifikii hapo.

Mara nyingi tunashauri Linux, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, lakini hatushauri kabla ya kufungua mashine. Laptopu moja ya mwalimu ilikuwa na RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ambayo taa yake haikuzimika hata dakika moja, kwani RAM ikijaa mfumo huanza kuhamishia mzigo kwenye diski, nayo diski ya namna ile haina mbio. Feni ilikuwa imezibwa na vumbi lililogandamana kwa unyevu wa bahari mpaka likawa kama kashata. Tulisafisha, tukabadilisha pesti ya kupitisha joto la prosesa, tukafunga SSD (diski ya kasi isiyozunguka), kisha tukasimika Linux Mint ya Xfce, aina ya Linux yenye mwonekano mwepesi. Tuseme kweli: sehemu kubwa ya wepesi ule ilitokana na SSD, na fundi anayeipa Linux sifa zote hamtendei mteja haki.

Mashine yenye RAM ya GB 2 tunaiwekea Lubuntu, na ya GB 1 antiX, ambazo nazo ni aina nyepesi za Linux. Hata hivyo, kinachomeza RAM siku hizi ni kivinjari kuliko mfumo wenyewe, hivyo mwenye GB 2 anayefungua kurasa kumi kwa pamoja atakwama tu.

Wapo tunaowazuia kuhamia Linux. Ikiwa hesabu zako zimo katika programu iliyotengenezwa kwa Windows pekee, usihame. Wenye maduka ya kuchapa na kutoa kopi nao wafikiri mara mbili, kwa sababu LibreOffice, programu ya ofisi tunayoitumia kwenye Linux badala ya Word, hufungua faili za Word, lakini fonti ikikosekana mistari husogea, na barua ya maombi ya kazi iliyoandikwa ukurasa mmoja hutoka miwili mbele ya mteja mwenye haraka.

Ndiyo maana sisi huanza kwa kuiwasha Linux kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako, ili ujaribu mwenyewe intaneti, sauti na printa. Tafadhali njoo na printa hiyo hiyo unayoitumia, maana baadhi hazina draiva (programu ya kuiendesha printa) za Linux. Ukiridhika, tunanakili faili zako kwanza kwenye diski ya nje, kisha tunasimika. Chaja pia usiisahau nyumbani, kwani betri ikikata katikati ya kusimika, kazi yote huanza upya.