Tukutane Alhamisi kabla ya jaribio

Habari za jioni wapendwa. Najua jaribio la Jumatatu limetunyima raha. Lile lililopita niliona mwenzetu anatetemeka mkono mpaka kalamu ikamdondoka kabla hajageuza karatasi, na mada zote alikuwa amezisoma. Iliniuma sana.

Tukutane Alhamisi saa 10 hadi 12 jioni, chumba cha majadiliano maktaba, ghorofa ya 2.

1. Kila mmoja aje na maswali 3 aliyotunga mwenyewe. Tutayajibu kwa dakika 40, madaftari yamefungwa, saa mezani, kama siku yenyewe. Kujiuliza na kukumbuka hushikisha somo kuliko kurudia kurasa zilezile, na presha tunaizoea mapema.
2. Tutafanya zoezi la kupumua: vuta hewa taratibu, itoe kwa muda mrefu zaidi.

Jumapili usiku tulale jamani, kukesha kunavuruga kumbukumbu. Na aliyezidiwa, hali wala halali, anitafute pembeni. Nitamsindikiza kwa mshauri wa wanafunzi.

Naomba kila mtu aandike "Nipo" au "Sitaweza" kabla ya kesho saa 2 usiku, nijue idadi ya viti.